Kamalondo: uwanja uliokuja baada ya makombe

Makombe manne ya klabu bingwa Afrika yalikwisha kuingia kabatini mwa TP Mazembe kabla klabu hiyo ya Lubumbashi haijapata uwanja wa kuuita wake. La 1967, la 1968, la 2009 na la 2010, yote yalipiganiwa kwenye viwanja vya umma, ambako leo unacheza wewe na Jumapili ijayo anacheza mtani wako, kwenye nyasi zilezile na vyumba vilevile vya kubadilishia nguo. Uwanja wenyewe, ule wa Kamalondo unaochukua watazamaji wapatao 18,000, ulifunguliwa mwaka 2011. Viongozi wa soka wa huku kwetu Tanzania hupenda kutuambia tujenge kwanza, makombe yatafuata. Mazembe walianza na makombe.

Kamalondo ni kitongoji kidogo kilicho karibu na katikati ya mji. Ni kati ya vile vya mwanzo ambavyo Wabelgiji waliwatengea Waafrika waliokuja kufanya kazi Élisabethville, kama ulivyoitwa mji huo ulipoanzishwa mwaka 1910. Sababu ya kuanzishwa kwake ilikuwa moja tu: shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilichimba, ikayeyusha, ikasafirisha kwa reli, na ikaacha alama mbili ambazo hadi leo mgeni huziona kabla hajaona kitu kingine: bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya tanuri. Wafanyakazi waliletwa kutoka kila upande, Waluba, Walunda, Wabemba, hata watu wa Rwanda na Urundi, na lugha iliyowakutanisha kazini ikawa Kiswahili. Ndicho kinachosikika majukwaani Kamalondo, kikiwa kimemeza Kifaransa na Kibemba na kimejipangia sarufi yake chenyewe. Mtanzania anayekisikia mara ya kwanza hutambua karibu kila neno na bado hupotea njia katikati ya sentensi.

Klabu haikuzaliwa mgodini. Ilizaliwa shuleni mwaka 1939, kwa watawa wa Kibenedikto waliokuwa wakiendesha taasisi ya Saint-Boniface. Walikuwa na vijana ambao hawakukusudia kuingia upadri, na vijana wa namna hiyo, kama kila mwalimu ajuavyo, wasipopewa shughuli hujitafutia wenyewe. Wakaundiwa kikosi cha skauti cha Saint-Georges, na ndani yake timu ya mpira. Timu ikasajiliwa moja kwa moja daraja la kwanza la ligi ya wenyeji na msimu ukaisha ikiwa ya tatu. Mwaka 1944 ikabadilishwa jina kuwa Saint-Paul. Miaka michache baadaye, walipoanza kuingia wachezaji wasiotoka shuleni, watawa wakajiondoa, na jina la mtakatifu likampisha mfadhili: Englebert, kampuni ya matairi ya kule Liège, Ubelgiji.

Huo mwaka 1939 ndio pia wa kuzaliwa kwa mtani. Saint-Éloi ilikuwa timu ya watu wa reli, ikajipa jina la mtakatifu wa wafua vyuma, na leo tunaijua kama Lupopo. Kwa zaidi ya miaka 80 mji huo umegawanyika kati ya hao wawili, na kwa muda mrefu waligawana pia uwanja.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960 na siku chache baadaye Katanga ikajitangaza nchi. Mpaka jimbo liliporudishwa Kongo mwanzoni mwa mwaka 1963, Élisabethville ilikuwa imeona mapigano mitaani kati ya askari wa Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, na majeshi ya Umoja wa Mataifa. Kwamba mji huohuo, miaka minne tu baadaye, ulitoa bingwa wa Afrika ni jambo ambalo vitabu vya historia ya Kongo hulipita haraka mno. Mwaka 1966 Englebert ilizoa kila kilichokuwa mbele yake: ubingwa wa nchi, kombe la Kongo na kombe la Katanga. Jina la sifa, Tout Puissant, yaani mwenye nguvu zote, likabaki mbele ya jina la klabu. Herufi mbili za TP zinatoka hapo.

Fainali ya 1967 ilikuwa dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana na haikuisha kimpira. Mechi ya kwanza sare ya 1-1, ya pili sare ya 2-2. Ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea. Inasimuliwa kwamba shirikisho la kwao halikuwafikishia taarifa. Englebert wakapewa kombe. Mtu anaweza kusema ni ubingwa wa mezani, na Waghana walisema sana, lakini mwaka uliofuata Wakongo waliwafunga Étoile Filante ya Togo mabao 6-4 katika mechi mbili na kulitetea taji uwanjani. Klabu nyingine haikuweza kutetea taji hilo mpaka Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Fainali mbili zilizofuata Englebert ilizipoteza, ya 1969 kwa Ismaily ya Misri na ya 1970 kwa Kotoko haohao, ambao bila shaka walikuwa wameisubiri siku hiyo. Fainali nne mfululizo. Wakati huo timu ya taifa nayo ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1968 nchini Ethiopia, na aliyefunga bao pekee la fainali, Pierre Kalala, alikuwa mchezaji wa Englebert.

Kisha Kongo ikawa Zaire. Rais Mobutu alitaka majina ya kikoloni yaondoke. Élisabethville ilikwisha kuwa Lubumbashi mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 jina la kampuni ya matairi nalo likaachwa, klabu ikawa TP Mazembe. Beki wake Bwanga Tshimen alichaguliwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973, na mwaka uliofuata yeye na kipa Kazadi Mwamba walikwenda Ujerumani Magharibi na kikosi cha Zaire, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Mwaka 1980 Mazembe ikachukua Kombe la Washindi Afrika mbele ya Africa Sports ya Ivory Coast. Baada ya hapo, kimya cha miaka 29.

Kimya hicho kinaelezwa vizuri zaidi na shaba kuliko na mpira. Union Minière ilitaifishwa na kuwa Gécamines, na katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mitambo ikachakaa, mishahara ikakatika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji haukuwa hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani. Kampuni iliyokuwa ikiendesha shule, hospitali na maduka ya chakula kwa wafanyakazi wake ilipoishiwa, mji mzima uliishiwa. Klabu ya mpira isingepona peke yake.

Mwaka 1997, wakati Mobutu anakimbia nchi, Mazembe ilipata rais mpya mwenye umri wa miaka 32. Moïse Katumbi Chapwe alizaliwa Kashobwe, karibu na Ziwa Mweru, mama yake Mkongo na baba yake Myahudi aliyetokea kisiwa cha Rhodes. Alianzia kwenye biashara ya samaki. Baadaye akaingia kwenye uchimbaji na kampuni yake ya MCK, iliyokuwa ikifanya kazi za mikataba kwa wenye migodi. Sheria ya madini ya 2002 ilifungua milango kwa wageni, bei ya shaba ikapanda kwa kasi katikati ya muongo huo, na waliokuwa na matingatinga na malori Katanga wakati huo walijikuta mahali pazuri sana pa kusimama. Mwaka 2007 Katumbi akawa gavana wa jimbo. Kwa hiyo kufikia wakati Mazembe inaanza kununua wachezaji wa maana, rais wa klabu na mkuu wa jimbo walikuwa mtu mmoja.

Na alinunua. Badala ya kuuza vipaji vyake Ulaya kwa bei ya kutupa, kama zilivyofanya na zinavyofanya klabu nyingi za Afrika, Mazembe ililipa mishahara iliyomfanya mchezaji kama Trésor Mputu akae. Ikavuka mpaka wa Kasumbalesa, ambao hauko mbali, ikaleta Wazambia: Rainford Kalaba, Stopila Sunzu, Nathan Sinkala. Mwaka 2009 ikawa bingwa wa Afrika kwa faida ya bao la ugenini dhidi ya Heartland ya Nigeria. Mwaka 2010 haikuhitaji hesabu za namna hiyo. Espérance ya Tunis ilikuja Lubumbashi kwa mkondo wa kwanza wa fainali na kuondoka na mabao matano. Marudiano yalikuwa 1-1.

Uwanja ulioshuhudia mabao hayo matano ni ule wa Kibassa Maliba, uliopo kitongoji cha Kenya mjini humohumo, unaochukua watu wapatao 35,000. Ni uwanja wa umma na Lupopo nao huutumia. Nitaurudia, kwa sababu bila kuufikiria huo huwezi kuelewa ule wa Kamalondo. Lakini kwanza twende Abu Dhabi, maana mashabiki wa Mazembe hawatanisamehe nikiiruka Desemba 2010.

Mwaka mmoja kabla, Mazembe ilikuwa imekwenda hukohuko kwenye Kombe la Dunia la Klabu na kuaibika: ilifungwa na Pohang ya Korea Kusini, kisha na Auckland City ya New Zealand, timu ya ridhaa. Safari hii ikaanza kwa kuifunga Pachuca ya Mexico 1-0. Nusu fainali ikawapa Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini. Kabangu akafunga dakika ya 53, Kaluyituka akaongeza dakika za mwisho, na kamera zote zikamgeukia kipa. Robert Kidiaba, mwenye msuko wa nywele unaoning'inia kisogoni, alikaa chini, akanyoosha miguu mbele, mikono akaikaza, kisha akaanza kuruka kwa makalio, akisonga mbele juu ya nyasi. Watoto wa Afrika nzima walijaribu kufanya vile kwenye vumbi. Wengi walichana kaptula.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa klabu isiyotoka Ulaya wala Amerika Kusini kutinga fainali ya mashindano hayo. Fainali yenyewe ilikwenda kwa Inter ya Milan, 3-0, na mmoja wa wafungaji alikuwa Samuel Eto'o, Mwafrika mwenzao. Mjini Lubumbashi kipigo kilipokewa vibaya. Mwamuzi alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Baadhi ya mashabiki, wakidhani ni Mchina au wakiona tofauti hiyo haina maana, walikwenda kushambulia maduka ya Wachina. Wachina walikuwa wamejaa Katanga miaka hiyo, wakinunua mawe ya madini na kuendesha matanuri madogo, na hasira dhidi yao haikuanza usiku ule. Mpira uliipa njia ya kutokea.

Sasa uwanja. Klabu inayopanga uwanja wa umma huishi kwa ratiba ya mwingine. Huwezi kufanya mazoezi kwenye eneo la kuchezea wakati unaotaka. Huwezi kuweka nyasi unazozitaka, wala kupaka ukuta rangi zako, na mapato ya mlangoni yanapita kwenye mikono mingi kabla hayajakufikia. Mvua za Lubumbashi huanza Novemba na kumalizika Machi au Aprili. Kwa miezi hiyo uwanja wa nyasi za kawaida unaotumiwa na timu mbili kubwa na kadhaa ndogo hugeuka tope. Kisha hufuata kiangazi kirefu, ardhi inakauka, na usipokuwa na maji ya kumwagilia unabaki na vumbi jekundu. Mazembe ilikuwa na kikosi cha kucheza pasi za chini, za haraka, juu ya sehemu isiyoruhusu pasi za chini.

Kamalondo ikajibu matatizo hayo moja baada ya jingine, na jibu la kwanza lilikuwa nyasi bandia. Wengi wetu huzidharau. Ni nyuzi za plastiki zilizopandwa juu ya zulia, katikati yake kumejazwa mchanga na chembe za mpira mweusi, zile ambazo mchezaji huzikung'uta kutoka kwenye viatu na soksi baada ya mechi. Hazihitaji kiangazi wala masika. Unaweza kuzichezea asubuhi, mchana na jioni, timu ya wakubwa ikitoka ya vijana inaingia. Lakini mpira juu yake una tabia zake. Zikilowa, unateleza na kuongeza kasi. Zikikauka, unadunda juu kuliko beki wa ugenini anavyotegemea. Jua la Oktoba likizichoma joto hupanda mpaka nyayoni, na anayeteleza kuuwahi mpira huacha ngozi ya paja. Mwenyeji anayajua haya kwa sababu ndiko anakofanyia mazoezi kila siku. Mgeni, kwa utaratibu uliozoeleka wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, hupata zoezi moja la kuonja uwanja siku moja kabla ya mechi. Zoezi moja halitoshi kuusahaulisha mguu ulivyozoea kwao. Zaidi ya hayo, mji uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na timu zinazotoka pwani hulihisi hilo kipindi cha pili.

Jibu la pili lilikuwa ukubwa, au tuseme udogo. Mji una watu zaidi ya milioni mbili, na klabu iliyotoka kucheza fainali ya dunia ilijenga uwanja wenye nusu tu ya nafasi za ule iliokuwa ikiutumia. Wapo waliokiona kitendo hicho kuwa cha ajabu. Kwangu mimi ndicho kitendo cha busara kuliko vyote vilivyofanywa na uongozi ule. Watu 35,000 hujaa siku ya fainali. Jumatano ya ligi, dhidi ya timu ya mkiani, wanakuja elfu chache, na sauti yao inapotelea kwenye zege tupu. Jukwaa la 18,000 hujaa mara nyingi zaidi, liko karibu na mstari, na lile kundi la mashabiki wanaojiita Cent pour cent, asilimia mia, na matarumbeta yao na miili iliyopakwa nyeusi na nyeupe, halihitaji msaada wa kipaza sauti. Nyeusi na nyeupe ndizo rangi za klabu, na wachezaji huitwa kunguru. Kunguru wa Katanga, mweusi mwenye kifua cheupe, amevaa jezi hiyo tangu kuzaliwa. Mamba aliyebana mpira mdomoni ndiye aliyekaa kwenye nembo.

Mwaka wa kufunguliwa kwa uwanja ulikuja na kejeli, na kejeli hiyo ilitokea Dar es Salaam. Mapema 2011 Mazembe, bingwa mtetezi, iliitoa Simba kwenye Ligi ya Mabingwa, 3-1 Lubumbashi na 3-2 hapa nyumbani. Simba wakakata rufaa kuhusu uhalali wa mchezaji Janvier Besala Bokungu, aliyekuwa na mgogoro wa mkataba na klabu ya Tunisia. CAF ikawasikiliza. Mazembe, ambayo ilikwisha kuwatoa Wydad ya Morocco pia, ikaondolewa mashindanoni. Simba wakapewa mechi moja na Wydad mjini Cairo na wakafungwa. Hivyo mwaka ambao Mazembe iliingia nyumbani kwake, Ligi ya Mabingwa iliendelea bila bingwa wake.

Ila katika mechi zile mbili za Simba, Wakongo walikuwa wameona kitu walichokitaka. Mshambuliaji wa miaka 18, mtoto wa Mbagala, Mbwana Ally Samatta. Mwaka huohuo akahamia Lubumbashi. Thomas Ulimwengu naye akajiunga. Klabu iliyowapokonya Mazembe taji mezani ndiyo iliyowapa mtu wa kulirudisha.

Lilichukua miaka minne. Kabla ya hapo kuna tarehe isiyopaswa kurukwa: 11 Mei 2014, uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, uleule ambao Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mwaka 1974. AS Vita walikuwa nyuma kwa bao moja dhidi ya Mazembe, vurugu zikazuka, polisi wakarusha mabomu ya machozi, umati ukakimbilia milangoni. Watu 15 walikufa. Unapozungumzia viwanja vya Kongo na viwanja vya Afrika kwa jumla, milango na njia za kutokea ni habari kubwa kuliko nyasi na viti vya wageni mashuhuri, ingawa siku ya uzinduzi hakuna anayeipigia picha.

Msimu wa 2015 ndio uliouonyesha uwanja wa Kamalondo ulivyokusudiwa kuwa. Kocha alikuwa Mfaransa Patrice Carteron. Kwenye nusu fainali Al-Merrikh ya Sudan ilishinda 2-1 kwao Omdurman, ikaja Lubumbashi ikiwa na matumaini, ikafungwa 3-0. Fainali ilikuwa dhidi ya USM Alger. Mazembe ilikwenda Algiers tarehe 31 Oktoba ikashinda 2-1. Marudiano yakapangwa Jumapili, 8 Novemba.

Wiki chache kabla, mwishoni mwa Septemba, Katumbi alikuwa amejiuzulu ugavana na kukihama chama cha Rais Joseph Kabila. Kila aliyeketi jukwaani siku ile alijua kwamba anayemiliki timu sasa ni mpinzani, na kwamba kombe, kama litapatikana, litapokewa na mtu ambaye Kinshasa haimtaki. Mchezo wenyewe ulikuwa mgumu kutazama. Waalgeria walihitaji mabao mawili, Mazembe hawakuhitaji hata moja, na timu isiyohitaji bao hucheza kana kwamba imeazima muda. Dakika ya 74 ikapatikana penalti. Samatta alikwisha kufunga nyingine ya namna hiyo kule Algiers. Akaiweka chini juu ya zile nyuzi za plastiki alizozizoea kwa miaka minne, akafunga. Kijana wa Ivory Coast, Roger Assalé, akaongeza la pili katika dakika za nyongeza. Kombe la tano, na la kwanza kukabidhiwa nyumbani kwa maana kamili.

Samatta alimaliza na mabao saba, akiwa kati ya vinara wa ufungaji. Januari 2016, mjini Abuja, alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, Mtanzania wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Mwezi huohuo akaenda Genk ya Ubelgiji. Safari yake ya kufika Aston Villa mwaka 2020 imeelezwa mara nyingi hapa nchini. Miaka minne na nusu ya Kamalondo hutajwa kwa sentensi moja, nayo ndiyo iliyomfundisha kuwa mchezaji wa kulipwa.

Mei 2016 rais wa klabu aliondoka nchini, akiwa amefunguliwa mashtaka aliyoyakana, na hakurudi kwa miaka mitatu. Hapo ndipo ungetegemea timu ya mtu mmoja isambaratike. Haikusambaratika, angalau si mara moja. Mwaka 2016 ilichukua Kombe la Shirikisho, ikiifunga MO Béjaïa ya Algeria 4-1 katika marudiano nyumbani, na mwaka 2017 ikalitetea dhidi ya SuperSport United ya Afrika Kusini, kocha akiwa Pamphile Mihayo, mchezaji wake wa zamani. Sehemu ya sababu ni kwamba uwanja ulikuwepo, mazoezi yaliendelea palepale, na kituo cha kulea vijana kilichoanzishwa mwaka 2012 kiliendelea kutoa wachezaji wasiohitaji hundi kubwa. Katumbi aliporudi Lubumbashi Mei 2019, alipokewa na umati.

Hata hivyo tusijidanganye. Jina la uwanja ni la klabu, ila klabu na mwenye mfuko ni vigumu kuwatenganisha, na fedha za muongo mmoja uliopita hazikurudi kwa kiwango kilekile. Tangu 2017 kabati la wanaume halijapokea kombe jingine la Afrika. Lililokuja lilikuja kwa wanawake: Novemba 2024, nchini Morocco, TP Mazembe ya kina dada iliwafunga wenyeji AS FAR 1-0 kwenye fainali na kuwa bingwa wa Afrika.

Sisi Watanzania tumeendelea kuizoea njia ya kwenda huko. Aprili 2019 Simba, baada ya sare tasa ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Dar es Salaam, ilitangulia kufunga Lubumbashi kupitia Emmanuel Okwi, kisha ikapokea manne. Septemba 2021 Taifa Stars ilicheza na Kongo kwenye uwanja wa Kamalondo kuwania kufuzu Kombe la Dunia na kuambulia sare ya 1-1, bao la Simon Msuva. Na tarehe 2 Aprili 2023, kwenye hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho, Yanga ilifanya ambalo wageni wachache walikuwa wamelifanya pale: Farid Mussa alifunga, ikaisha 1-0. Wananchi wakafungasha pointi tatu na kurejea nyumbani, ambako safari yao hadi fainali iliendelea kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, mali ya serikali, unaotumiwa pia na Simba.